Ulanguzi wa Mikeka: Toka Dhahabu ya Ghuba Mpaka Programu za Kubeti

Najua nimepotea, msinipige mawe. Zamu za usiku zimeniandama, nikirudi asubuhi ni kulala kama gogo, na jua la Muscat hili halimkaribishi mtu kukaa macho mchana. Maswali yenu nimeyaona yote. Ya kazi na vibali vya huku nitayajibu siku nyingine. Leo nalijibu moja tu, la wadogo zangu wawili (siwataji, wenyewe wanajijua) walionitumia tangazo la programu ya kompyuta inayotafuta "beti ya uhakika". Wanasema ile michango tuliyoikusanya kwa ajili ya paa la bibi isikae bure benki. Tununue programu, tuizungushe hela miezi miwili, bibi apate mabati na sisi tubaki na mtaji. Shangazi naye kaniandikia pembeni: "Mwanangu, hebu sema nao, wewe ndiye uliyesoma."

Nimesoma uuguzi shangazi, sikusoma kamari, kwi kwi kwi! Lakini uuguzi unakufundisha kitu kimoja ambacho kinafaa hapa: kabla hujaamini kipimo, uliza kinapima nini, kinakosea mara ngapi, na kikisema kweli wewe utaweza kufanya nini na huo ukweli. Na kwa vile mnajua napenda habari za kale, nimeona niwape historia. Jambo hili lina umri mrefu kuliko kompyuta.

Kwanza tuelewane ni kitu gani, maana kina shangazi hawabeti. Kila kampuni ya kubeti inaiwekea timu bei. Vijana wanaita odi. Odi ikiwa 2.10 maana yake ukiweka shilingi 100 na ukapatia, unarudishiwa 210, dau lako likiwa humo humo. Sasa chukua mechi ya tenisi, haina sare, lazima mmoja ashinde. Kampuni ya kwanza inampa mchezaji mmoja 2.10. Kampuni ya pili, kwa mechi hiyo hiyo, inampa mpinzani wake 2.05. Gawanya 1 kwa 2.10, unapata 0.476. Gawanya 1 kwa 2.05, unapata 0.488. Jumla 0.964. Jumla ikiwa chini ya 1, pana mwanya. Una laki moja? Weka 49,398 kwa huyu na 50,602 kwa yule. Ashinde nani, unapokea 103,735 hivi. Umepata shilingi 3,735 bila kujua hata majina ya wachezaji.

Ndiyo hesabu yenyewe, na haina uongo. Naisema mapema ili msije mkasema dada hakuelewa. Kampuni moja peke yake haikuachii mwanya huo, maana odi zake ukizijumlisha namna hiyo zinazidi 1, tuseme 1.05 au 1.08, na ile ziada ndiyo chakula chake. Ni kama maduka ya kubadili fedha huku Ruwi: ubao una bei ya kununua na bei ya kuuza, na duka linakula katikati. Mwanya unatokea tu pale bao mbili za maduka mawili zinapopishana sana. Wazungu wanaita abitreji. Sisi tuna neno letu la siku nyingi, ulanguzi, ingawa neno hilo nyumbani lina harufu mbaya, na nitafika huko.

Nianze na huku niliko. Kabla ya 1970 Oman haikuwa na sarafu yake ya taifa zima kama tunavyoijua leo. Watu walitumia reale za fedha za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780 (zilipita sana Unguja pia enzi za masultani), na nchi nyingi za Ghuba zilitumia rupia ya India. Sasa India ilipopata uhuru mwaka 1947 ikabana uingizaji wa dhahabu, na bei ya dhahabu ndani ya India ikapanda mbali juu ya bei ya nje. Hapo hapo rupia ni ile ile, Bombay na Ghuba. Wafanyabiashara wakaona mwanya: unanunua dhahabu Ghuba, Dubai hasa, unaivusha kwa jahazi kimyakimya mpaka pwani ya India, unaiuza kwa rupia nyingi zaidi, rupia zinarudi Ghuba, zinapelekwa benki, na Benki Kuu ya India inalazimika kuzipokea na kutoa paundi za Kiingereza kwa bei rasmi. Kisha unaanza tena. Ukiitazama vizuri ni hesabu ya mchezaji wa tenisi ile ile, tofauti ni kwamba hapa kuna bahari katikati.

Watu walitajirika, na hilo nisiwafiche. Lakini nani alitajirika? Mwenye jahazi, mwenye mtaji wa kununua dhahabu leo na kusubiri malipo, mwenye jamaa Bombay wa kupokea mzigo. Baharia alilipwa ubaharia wake. Na mwisho wa habari haukuletwa na dhoruba wala na askari wa forodha. Mwaka 1959 India ilitoa noti nyingine kabisa kwa ajili ya Ghuba, za rangi tofauti, zisizotumika ndani ya India. Watu wakaziita rupia za Ghuba. Kwa noti hizo tu, njia ile ya rupia ikazibwa. Halafu Juni 1966 India ikaishusha thamani rupia yake, nchi za Ghuba zilizokuwa bado zinaitumia zikaanza kuikimbia moja moja, Oman ikabaki nayo mpaka 1970 ilipotoa rial Saidi. Aliyekuwa ameficha masanduku ya rupia nyumbani mwezi ule wa 1966 aliamka maskini kidogo, na hakuwa amecheza kamari hata siku moja.

Nataka mkitazame kitu kimoja hapo, maana ndicho kitakachojirudia. Mwanya ulikuwa wa kweli, hesabu ilikuwa ya kweli, ila mlango walikuwa nao wengine. Mlanguzi anapita mlangoni mwa mtu, na mwenye mlango akichoka kuibiwa anabadilisha kitasa.

Nyumbani tunayajua haya bila kusomeshwa. Karafuu za Pemba zilikuwa na mnunuzi mmoja kisheria, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na kila bei ya Mombasa ilipopanda juu ya bei ya shirika, ngalawa zilijua njia usiku. Sisi wa Tanga na Horohoro yetu tusijifanye malaika, sukari tu ikitofautiana bei pande mbili za mpaka, baiskeli zinapita vichochoroni. Na wazazi wetu wanaikumbuka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipotangaza vita na wahujumu uchumi. Wakati ule bidhaa zilikuwa na bei ya serikali kwenye maduka ya ushirika na bei nyingine mtaani, na aliyenunua huku akauza kule ndiye mlanguzi. Zikaja sheria maalumu, mahakama maalumu, watu wakawekwa ndani, na wazee wanasimulia bidhaa zilivyotupwa usiku ili zisikutwe majumbani. Mnaweza kubishana mpaka asubuhi kama lilikuwa jambo la haki au la. Mimi nasema tu kwamba tofauti ya bei haikumlinda mlanguzi siku mwenye mlango alipoamua.

Tofauti ya bei ina adui wa pili: habari. Mwaka 1850 bwana Reuter, huyu huyu ambaye shirika lake la habari mnalisikia hadi leo, alitumia njiwa kupeleka bei za soko kati ya Aachen na Brussels kwa sababu waya wa simu za maandishi ulikuwa haujaunganishwa kipande hicho. Njiwa walikuwa wepesi kuliko treni, na aliyepata bei mapema alikula. Waya ulipounganishwa, njiwa wakastaafu. Mwaka 1866 waya ukapita chini ya Atlantiki kati ya Ulaya na Amerika, mwaka 1879 ukafika Unguja kutoka Aden. Kila waya ulipofika, bei za pande mbili zilisogeleana, na mwanya uliokuwa unakaa wiki ukawa unakaa saa. Leo unakaa sekunde. Ukumbukeni huu waya, nitaurudia.

Sasa tuingie kwenye kubeti kwenyewe. Uingereza, ambako mambo mengi ya kubeti tunayoyaona yametoka, maduka ya kubeti mitaani yaliruhusiwa kisheria kuanzia Mei 1961. Miaka mitano tu baadaye, 1966, serikali ikaweka kodi kwenye dau. Ilipofika miaka ya 1990 mteja alikuwa anakatwa asilimia 9. Fikirini hapo na hesabu yetu ya tenisi: faida asilimia 3 na ushei, kodi asilimia 9. Hata kama mtu angezunguka maduka yote ya London na kalamu, mwanya usingemlipa. Halafu intaneti ikaja, na mwaka 1999 mwenye maduka mmoja maarufu, Victor Chandler, akahamishia biashara yake Gibraltar, akawa anapokea dau za Waingereza kwa simu bila ile kodi. Wengine wakatishia kumfuata. Serikali ikaona itabaki mikono mitupu, na Oktoba 2001 ikaifuta kodi ya mteja kabisa. Mwaka mmoja kabla, Juni 2000, ilikuwa imeanza Betfair, soko la mtandaoni ambako watu wanauziana beti wao kwa wao, kwa hiyo mtu aliweza kusimama upande wa kampuni na kusema "timu hii haishindi".

Mkiniuliza mimi, hapo ndipo programu hizi zilipozaliwa, katikati ya mambo hayo matatu: kodi imefutwa, kampuni zimejaa mtandaoni kila moja na odi zake, na kompyuta inaweza kuzisoma zote kwa pamoja. Zikaja tovuti za kulinganisha odi, kisha programu zenyewe. Zinazojulikana ni kama RebelBetting ya Sweden na BetBurger. Zinafanya kazi namna hii: zinasoma odi za makampuni kadha wa kadha kila baada ya muda mfupi, zinapiga ile hesabu ya 1 gawanya kwa odi, zikikuta jumla chini ya 1 zinakuonyesha mechi, asilimia ya faida, na dau la kuweka kila upande. Unalipia kwa mwezi. Si uchawi, na kwa programu halali si utapeli pia. Ni kikokotoo chenye macho mengi.

Matapeli wapo sana ndani ya biashara hii, lakini wanauza kitu kingine. Australia, hasa mji wa Gold Coast, ulisifika kwa ofisi zilizokuwa zikipigia watu simu na kuwauzia "programu ya uwekezaji wa michezo" kwa maelfu ya dola, na mamlaka yao ya kulinda walaji imeweka onyo la abitreji ya michezo miongoni mwa maonyo yake ya utapeli. Ukipewa programu kwa maelfu, ukaahidiwa asilimia fulani kila wiki, au ukaambiwa "tupe hela tukubetie", hiyo siyo programu tena wadogo zangu, hiyo ni DECI iliyovaa jezi. Mnaikumbuka DECI ya 2009? Watu wanapanda mbegu, wanasubiri kuvuna. Tangazo mlilonitumia lina ahadi ya kila wiki. Nimelisoma mara mbili.

Tuseme lakini mmepata programu ya kweli. Nawapa sasa kipimo changu cha wodini. Tuna kifaa cha kubana kwenye kidole kinachosoma oksijeni. Mgonjwa akitikisa mkono, kinalia. Akipaka rangi ya kucha, kinasoma ovyo. Mwanafunzi mgeni anakimbia kila kikilia, muuguzi mzoefu anamtazama mgonjwa kwanza. Programu hizi zinalia vivyo hivyo. Ile faida kubwa inayong'aa juu kabisa ya orodha, asilimia 15 au 20, mara nyingi si neema, ni mtu kakosea kuandika odi, au kampuni moja imeshasikia kwamba mchezaji kaumia na nyingine bado. Kampuni nyingi zimeandika kwenye masharti yao kwamba odi yenye kosa la wazi inafutwa hata baada ya mechi. Ikifutwa upande mmoja, upande wa pili unabaki na dau lako likiwa uchi, na hapo sasa unacheza kamari ya kawaida na hela ya mabati.

Kanuni nazo hazifanani. Mchezaji wa tenisi akijitoa katikati ya mechi, kampuni moja inarudisha hela, nyingine inamlipa aliyebaki. Na mpira je? Mnakumbuka Machi 8, 2025, Simba na Yanga, mechi ikaahirishwa siku ile ile, ikaja kuchezwa Juni 25? Kwa mechi ya namna hiyo kila kampuni ina kanuni yake: moja inafuta beti baada ya muda fulani, nyingine inasubiri. Programu haisomi masharti hayo. Inasoma namba.

Halafu kuna jambo la muda. Programu imekuonyesha mwanya, wewe umeingia kampuni ya kwanza, umeweka dau, unakwenda ya pili, intaneti inazunguka zunguka, ukifika odi imeshuka kutoka 2.05 hadi 1.90. Tayari umeshaingia mguu mmoja. Ule waya niliowaambia mwuukumbuke, wenye kampuni nao wanao, tena mnene kuliko wenu. Na kwa kampuni za kwetu kuna tatizo ambalo mtu wa Ulaya hana kwa kiasi hicho: nyingi hazipangi odi zenyewe, zinanunua kwa wasambazaji wakubwa wale wale, kama Sportradar. Rangi za tovuti tofauti, majina tofauti, odi zinatoka jiko moja. Ukilinganisha ubao na kivuli chake utapata mwanya wapi?

Sasa kubwa kuliko yote, mwenye mlango. Mwaka 2017 watafiti watatu, Lisandro Kaunitz wa Chuo Kikuu cha Tokyo na wenzake, walitoa andiko ambalo kila anayetaka kununua programu hizi angelisoma. Wao hawakufanya abitreji kamili, walifanya ndugu yake: walitazama odi za makampuni mengi, wakapata wastani, na kampuni yoyote iliyotoa odi kubwa kuliko wastani kupita kiasi fulani wakaibetia. Kwanza waliijaribu njia yao kwenye karibu mechi 480,000 za miaka kumi iliyopita. Kisha wakacheza kwa maandishi tu bila hela. Kisha ndipo wakaweka hela ya kweli, dola 50 kwa beti, kwa miezi mitano. Walipata faida ya dola 957 na nusu. Njia ikawa imethibitika! Na baada ya hapo makampuni yakaanza kuwawekea mipaka, leo unaruhusiwa dola chache tu, kesho beti yako inasubiri kukaguliwa na mtu. Wakaacha. Wataalamu wa namba, wenye data ya miaka kumi, hawakushindwa na mpira. Walishindwa na kitasa.

Nimefurahi sana kuwaona wale jamaa walivyokwenda hatua kwa hatua, data ya zamani, halafu karatasi, halafu hela kidogo. Ndivyo dawa inavyojaribiwa. Wenye matangazo wanaanzia hatua ya mwisho, na kwa hela yako.

Nyumbani Afrika Mashariki mlango una vitasa viwili, kampuni na serikali. Kubeti kwa simu kulipata njia M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania 2008. SportPesa ikaanza Kenya 2014. Mwaka 2017 ndio ulikuwa kilele cha shangwe: Mei kijana mmoja Kenya kashinda milioni 221 za Kenya, mwezi huo huo kampuni hiyo ikawadhamini Simba na Yanga, Julai Everton wakaja Dar na Rooney akafunga Uwanja wa Taifa dhidi ya Gor Mahia. Nani angemsikiliza mtu wa kodi siku hizo? Lakini mtu wa kodi alikuwa anakuja. Julai 2019 kampuni 27 Kenya hazikuhuishiwa leseni kwa ugomvi wa kodi, na Novemba mwaka huo dau likawekewa ushuru wa asilimia 20. Ukafutwa 2020. Ukarudi 2021 kwa asilimia 7.5, ukapanda 12.5 mwaka 2023, ukafika 15 Desemba 2024, na Julai 2025 ukashushwa hadi asilimia 5 ya hela unayoingiza kwenye akaunti, lakini ikaongezwa asilimia 5 nyingine unapoitoa.

Chukueni kalamu. Laki yetu ile ya tenisi, kwa ushuru wa 12.5, inabaki 87,500 kabla mpira haujarushwa. Mwanya wetu mzuri unaikuza hadi 90,768. Umeshinda, na umepoteza elfu tisa. Kwa kanuni ya 2025: inaingia 95,000, inakua 98,548, unapoitoa inakatwa tena, inabaki kama 93,600. Na mwanya wa asilimia 3.7 si wa kila siku, ni ule wa kupiga picha na kuwaonyesha marafiki.

Kwetu Tanzania ushindi ndio unaokatwa kodi, na kiwango kimekuwa kikibadilika. Mwaka 2021 kilishushwa kutoka asilimia 20 hadi 15. Tuchukue hiyo 15 kwa mfano, na tuseme inakatwa kwenye faida tu bila kugusa dau. Upande uliowekewa 49,398 umeshinda, faida juu ya dau hilo ni kama 54,338, kodi kama 8,150. Unabaki na 95,585. Kumbuka upande wa pili umepoteza 50,602 zake zote, na mtu wa kodi hakuhurumii kwa huo, maana yeye haoni mkeka wako wa kampuni nyingine. Anaona mshindi. Bado sijahesabu makato ya kutuma na kutoa kwa simu, na bado sijasema kwamba baada ya kila mechi hela yote inalala kampuni moja na inabidi uihamishe ndipo uweze kucheza tena.

Kwa hiyo mnaona kichekesho chake? Chombo hiki kilizaliwa pale kodi ya dau ilipofutwa, mwaka 2001. Mnataka kukileta mahali ambapo kodi inakata kuingia au kutoka. Ni sawa na kununua sketi za theluji kuja nazo Muscat.

Shangazi ameuliza pia kama ni halali kwa vile "hakuna kubahatisha". Wapo wanaosema hivyo, kwamba kama huwezi kupoteza basi si kamari. Mimi si shehe na sitatoa fatwa kwenye mtandao. Ila baada ya yote niliyoyaandika hapo juu, ile "huwezi kupoteza" mtaiweka wapi? Na msitegemee mimi nifungue akaunti huku, Oman kamari ni kosa la jinai, na sikuja huku kuonja jela.

Sasa wadogo zangu, msiseme dada kawakatisha tamaa tu bila kuwapa nafasi. Michango ya paa haiguswi, hiyo nimeshaongea na mjomba. Lakini kama mnaamini chombo chenu, fanyeni kama wale wa Tokyo. Nyingi ya programu hizi zina siku chache za kujaribu bure au kwa vipengele vichache. Nunueni daftari la shilingi mia tano. Siku kumi na nne, bila kuweka hata senti, kila programu ikilia andikeni: saa ngapi imelia, mechi gani, kampuni gani mbili, odi ngapi zilizoonyeshwa. Kisha ingieni wenyewe kwenye kampuni hizo mbili muda huo huo na muandike odi mlizozikuta kweli, si zile za kwenye programu. Kama kampuni haina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, au haipokei wateja wa Tanzania, pigeni mstari mwekundu, hiyo haihesabiki. Baada ya mechi andikeni kama beti ingelipwa au ingefutwa. Mwisho wa kila mstari toeni kodi na makato ya simu, ndipo muandike kilichobaki.

Nipigieni picha kurasa zote, na zile zenye mistari mingi myekundu pia.